Jua tunalo, mito tunayo: kwa nini umeme bado hautoshi?

Swali: "Nina karakana ya useremala yenye mafundi wanne. Kila mara tunasikia mtambo mpya wa umeme umezinduliwa, na tunaambiwa sehemu kubwa ya umeme wetu inatokana na nishati jadidifu, lakini mgao hauishi. Mvua zilipochelewa, tulikaa bila umeme mchana kutwa na kazi za wateja zikalala. Rafiki yangu mmoja anasema nishati jadidifu ni ya taa na kuchaji simu tu, haiwezi kubeba uchumi unaokua, ndiyo maana nchi tajiri zilijijenga kwa makaa ya mawe. Mwingine anasema nifunge sola niachane na gridi ya taifa kabisa, kwa kuwa jua ni la bure. Nani anasema kweli? Nisubiri nchi ijipange, ninunue jenereta, au nifunge sola? Mashine zangu ni msumeno wa meza, randa na kompresa."

Pole kwa kazi zilizolala. Mteja aliyekwisha kulipa nusu ya bei hataki kusikia habari za mvua, na fundi anayesubiri umeme urudi bado anategemea ujira wake jioni. Wasiwasi wako una pande mbili: kama nchi inaweza kweli kukua kwa jua, maji, upepo na joto la ardhini, na kama wewe binafsi uingie gharama sasa au usubiri. Nitaanza na la nchi, maana bila kulielewa hilo, ushauri wa karakana utakuwa wa kubahatisha.

Rafiki yako wa kwanza amekosea. Kenya hupata karibu asilimia 90 ya umeme wake kutoka vyanzo jadidifu, na chanzo kikubwa kuliko vyote huko ni jotoardhi: mvuke unaochimbwa Olkaria, karibu na Naivasha, ambako mtambo wa kwanza wa megawati 15 uliwashwa mwaka 1981. Iceland inayeyusha alumini, kazi inayokula umeme mwingi kuliko karibu kiwanda kingine chochote, kwa nguvu za maji na jotoardhi. Mota ya msumeno wako haina njia ya kujua umeme umetoka kwenye bwawa au kwenye makaa. Na makaa yenyewe si dhamana. Afrika Kusini, ambayo umeme wake mwingi unatokana na makaa ya mawe, ilipitia mgao mkali kuliko wote katika historia yake miaka ya 2022 na 2023, sababu kubwa ikiwa mitambo yake iliyochakaa kuharibika mara kwa mara.

Hata hivyo kuna jambo la kweli analolihisi bila kulitaja vizuri. Vyanzo jadidifu havifanani, na nchi ikivichukulia kana kwamba vinafanana itaishia kwenye mgao huku ikiwa na mitambo mingi kwenye makaratasi.

Uelewe kwanza gridi inavyofanya kazi. Umeme haukai akiba kwenye nyaya. Kila sekunde, kiasi kinachozalishwa lazima kilingane na kinachotumika, pamoja na kile kinachopotea njiani. Opereta kwenye chumba cha kuongozea gridi anaitazama namba moja kuliko zote: masafa ya umeme, yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde, ambayo katika sehemu kubwa ya dunia yanatakiwa kukaa kwenye hezi 50. Watu wakiwasha mashine nyingi kuliko umeme uliopo, mitambo inalemewa na kuzunguka polepole, na namba inashuka: 49.9, 49.7, 49.5. Ikiachwa iendelee, mitambo inajizima kujilinda, mmoja baada ya mwingine, hadi nchi nzima inaingia gizani. Kabla mambo hayajafika huko, opereta anakata baadhi ya maeneo, au vifaa vinayakata vyenyewe. Karakana yako inazimwa ili gridi nzima isianguke. Uamuzi huo ni sahihi, ingawa najua haukupunguzii hasara.

Kwa hiyo kila unaposikia habari za mtambo mpya, swali la kwanza liwe hili: utatoa umeme saa ngapi, na ukihitajika zaidi unaweza kuongezwa? Megawati zinazotajwa kwenye uzinduzi ni uwezo wa juu kabisa. Mtambo wa jua wa megawati 100 hutoa megawati 100 karibu na saa 6 mchana wa siku isiyo na wingu; ukichukua wastani wa mwaka mzima, usiku na mawingu yakiwemo, unapata kati ya 15 na 25. Upepo, mahali pazuri, unaleta wastani wa 25 hadi 45. Jotoardhi hufika 80 na zaidi, usiku na mchana, masika na kiangazi. Hizo ni "megawati 100" tatu tofauti kabisa, lakini kwenye hotuba zinajumlishwa kana kwamba ni kitu kimoja.

Upepo una tabia yake inayowashangaza wengi. Kasi yake ikiongezeka mara mbili, nguvu unayoweza kuvuna inaongezeka mara nane. Ndiyo sababu wenye kujenga mitambo ya upepo husimamisha mlingoti wa vipimo kwa mwaka mzima au zaidi kabla ya kumwaga zege: tofauti ndogo ya kasi kati ya kilima hiki na kile ndiyo faida au hasara ya mradi wote.

Maji ndiyo yanayompa opereta raha. Akihitaji umeme zaidi saa 1 usiku, watu wanapowasha taa, televisheni na majiko kwa pamoja, anafungua maji mengi zaidi yapite kwenye mitambo, na ndani ya dakika chache masafa yanatulia. Tatizo la maji ni lile lililokukuta wewe: yanategemea mvua. Zambia, ambayo zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake wa umeme ni wa maji, iliumia vibaya ukame uliposhusha kina cha maji ya bwawa la Kariba mwaka 2024, na watu wakakaa bila umeme kwa sehemu kubwa ya siku. Mitambo ilikuwa mizima, bwawa lilikuwa limesimama imara, kilichokosekana ni maji. Nchi inayoweka mayai yake yote kwenye mto mmoja inajikabidhi kwa mawingu.

Na hapa ndipo jua linapokuwa na thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani, hata bila betri hata moja. Mchana wakati sola inafanya kazi, bwawa linaweza kupunguza maji linayoachia na kuyaweka kwa ajili ya usiku. Kila uniti ya jua iliyotumika saa 7 mchana ni maji yaliyobaki nyuma ya ukuta wa bwawa. China imefanya hivi kwa makusudi kabisa pale Longyangxia, mkoani Qinghai, ambako bwawa la megawati 1,280 limeunganishwa na shamba la sola la megawati 850 na vyote vinaendeshwa kwa pamoja: jua likifunikwa na wingu, maji yanaziba pengo. Kwa nchi yenye mabwawa na jua, sioni hatua nyingine iliyo rahisi na ya haraka kuliko hii, na inanisikitisha kuona mabishano ya "maji au jua" yakichukua nafasi yake.

Bado hujajibiwa kwa nini mitambo inazidi na mgao unabaki. Sababu moja ni ukuaji wenyewe. Mahitaji ya umeme yakipanda asilimia 7 kwa mwaka, kiwango cha kawaida tu kwa uchumi unaokua, yanakuwa maradufu kila baada ya miaka 10 hivi. Maana yake ndani ya miaka 10 nchi inatakiwa kujenga tena kila kilichojengwa tangu balbu ya kwanza iwashwe. Bwawa kubwa likichelewa miaka mitatu, na mabwawa makubwa huchelewa, pengo hilo linaonekana kwako.

Sababu nyingine ni nyaya, na hizi hazizinduliwi kwa shangwe. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana nchini Kenya ulikuwa na mitambo yake 365, jumla ya megawati 310, imeshasimikwa mwaka 2017. Upepo ulikuwepo, mapanga yalikuwepo. Njia ya kusafirisha umeme, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa, haikuwa tayari. Umeme ulianza kuingia kwenye gridi mwaka 2018. Vietnam ilikutana na hali hiyohiyo kwa sura nyingine: serikali ilitoa bei nono kwa umeme wa jua, na kufikia mwisho wa mwaka 2020 nchi ilikuwa na takriban megawati 16,000 za sola, wakati miaka miwili kabla ilikuwa nazo kidogo mno. Mashamba mengi yalirundikana kwenye mikoa michache yenye jua kali, nyaya za huko zikashindwa kubeba, na wazalishaji wakaamriwa kupunguza umeme ambao ulikuwa tayari unatoka. Kwa hiyo ukimsikia kiongozi akitaja megawati, muulize habari za njia za kusafirishia, vituo vya kupozea umeme na transfoma ya mtaani kwako. Mara nyingi kinachokuzimia umeme ni transfoma iliyolemewa mwisho wa barabara, na hakuna bwawa litakalotibu hilo.

Sasa fedha. Hapa rafiki yako wa pili ndiye anayeteleza. Jua ni la bure, lakini mtambo wa kulivuna unalipiwa. Jenereta ya dizeli hununuliwa kwa gharama ndogo kisha inakula mafuta maisha yake yote. Mitambo ya jua, upepo, maji na jotoardhi ni kinyume chake: karibu gharama yote inalipwa kabla ya uniti ya kwanza kutoka. Fedha hiyo hukopwa, na riba ndiyo inayopanga bei ya umeme kwa miongo miwili inayofuata.

Tazama hesabu yenyewe. Mkopo wa miaka 20 kwa riba ya asilimia 4: kwa kila 100 uliyokopa unalipa kama 7.4 kila mwaka. Riba ikiwa asilimia 12, kwa 100 ileile unalipa 13.4 kila mwaka. Paneli ni zilezile, mafundi ni walewale, jua pengine ni kali zaidi, lakini umeme unagharimu karibu mara mbili. Bei ya paneli za jua ilishuka kwa takriban asilimia 90 kati ya mwaka 2010 na 2020, na betri za lithiamu nazo zimeshuka kwa kiasi kinachokaribia hicho. Riba kwa nchi zinazokua haikushuka hivyo. Ndiyo maana nchi yenye jua la kutosha mwaka mzima inaweza kuuziwa umeme wa jua kwa bei ya juu kuliko nchi ya mawingu ya kaskazini. Wakopeshaji wanaogopa: kampuni ya umeme itashindwa kulipa? Serikali ijayo itavunja mkataba? Sarafu itaporomoka? Kila hofu inageuka kuwa asilimia juu ya riba, na asilimia hiyo unailipa wewe kwenye bili. Tena mikataba mingi huandikwa kwa dola. Kampuni inakusanya malipo kwa fedha ya nyumbani na kulipa mzalishaji kwa dola. Fedha ya nyumbani ikishuka thamani, bei ya umeme inapanda ingawa hakuna kilichobadilika juani wala mtoni.

Baadhi ya hofu hizo zinaweza kuondolewa kwa sera, na hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya nchi zilizofanikiwa na zilizokwama. Kuchimba jotoardhi ni kubahatisha kwa gharama kubwa: kisima kinaweza kwenda chini kilomita mbili au tatu na kikatoka bila mvuke wa kutosha. Mwekezaji binafsi anaogopa kisima hicho cha kwanza kuliko mtambo wenyewe. Kenya ilianzisha kampuni ya umma ya kuendeleza jotoardhi mwaka 2008, ikabeba hatari ya kuchimba ili wengine waje mvuke ukiwa umeshapatikana. Uruguay nayo ilikuwa ikitegemea mabwawa na mafuta ya kununua nje, na kila ukame uliikamua fedha za kigeni. Kuanzia mwaka 2008, chini ya mkurugenzi wake wa nishati Ramón Méndez Galain, ambaye kitaaluma ni mwanafizikia, ilipanga sera iliyokubaliwa na vyama vyote vikubwa, ikaitisha minada ya wazi na kuwapa washindi mikataba ya miaka 20. Hofu ikapungua, wawekezaji wakaja kwa bei nafuu, na ndani ya muongo mmoja hivi upepo, uliokuwa karibu haupo, ukawa nguzo ya gridi. Siku hizi, mwaka wa mvua za kawaida, zaidi ya asilimia 90 ya umeme wa nchi hiyo ni jadidifu.

Nakubali upande wa pili una hoja zake. Mtambo wa gesi unaweza kuwashwa wakati wowote, na nchi yenye gesi yake haina sababu ya kuuzima kesho asubuhi. Nchi nyingi zitautumia kwa miaka mingi kuziba mapengo ya jioni na ya miaka ya ukame. Bwawa kubwa linahamisha watu na kubadilisha mto kwa wanaoishi chini yake. Na umeme wote huo ni sehemu tu ya nishati: duniani kote ni kama moja ya tano ya nishati inayotumiwa, iliyobaki ni mafuta ya magari, joto la viwandani, kuni na mkaa. Zaidi ya watu bilioni mbili bado wanapikia kuni, mkaa na vitu vya aina hiyo, na moshi wa majumbani unaua mamilioni kila mwaka. Nchi inayojisifu kwa gridi safi huku jiko la nyumbani linafuka moshi bado ina kazi kubwa mbele yake.

Tuje kwenye karakana.

Bahati yako ni kwamba unafanya kazi mchana. Useremala na jua vina ratiba moja. Sikushauri ununue jenereta kwanza, na sikushauri ukate gridi. Ningekuwa mahali pako ningefunga sola ya kiasi, gridi ikabaki, kwa sharti kwamba ukishapima utakuta umeme unaokatika unakatika saa zako za kazi. Ukikuta unakatika zaidi usiku, hela hiyo inunulie mashine au mbao.

Upimaji hauhitaji mtaalamu. Kwa wiki mbili soma mita asubuhi unapofungua na jioni unapofunga. Tofauti ni uniti unazotumia kwa siku. Pembeni andika kila umeme ulipokatika na uliporudi. Tuseme umepata uniti 12 kwa siku. Eneo lenye jua zuri hupata kama saa 5 za jua kamili kwa siku, na robo hivi ya umeme hupotea kwa joto, vumbi, nyaya na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe kama wa gridi. Saa 5 ukitoa robo zinabaki 3.75. Gawanya 12 kwa 3.75: unahitaji kama kilowati 3.2 za paneli. Kwa ajili ya miezi ya mawingu weka 4, yaani paneli 8 za wati 500. Muuzaji akikuandikia kilowati 10 bila kuuliza mita yako, mshukuru na uende kwingine.

Kwenye mota ndipo mifumo mingi ya karakana inaposhindwa. Mota ya msumeno ya kilowati 2.2 inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida kwa muda mfupi sana. Gridi haioni shida. Inveta ya kilowati 3 itajizima palepale, na utaambiwa "sola haina nguvu". Dawa ni inveta inayomudu mshtuko huo, au kifaa cha kuwashia mota taratibu, na mazoea ya kuwasha mashine moja baada ya nyingine. Kompresa iangalie kwa jicho la pekee, kwa sababu inajiwasha yenyewe hewa ikipungua, pengine fundi akiwa katikati ya kukata ubao. Na kama mashine zako ni za fezi tatu, sema mapema, maana vifaa vinabadilika vyote.

Kosa la pili linawaumiza watu kila siku. Inveta ya kawaida ya kuunganishwa na gridi, isiyo na betri, hujizima gridi inapokatika, hata kama jua linawaka. Imetengenezwa hivyo kwa makusudi, ili umeme wako usirudi kwenye nyaya na kumuua fundi anayezitengeneza juu ya nguzo. Ukiinunua hiyo ukidhani umeukimbia mgao, utakaa gizani chini ya paneli mpya. Unachohitaji ni inveta ya mseto, inayojitenga na gridi ikikatika na kuendelea kuhudumia karakana, ikiwa na betri ndogo ya kuituliza wingu linapopita. Betri za risasi na asidi ni nafuu kununua, ila usizishushe chini ya nusu, na zikitumika kila siku huchoka mapema. Za lithiamu aina ya chuma-fosfati zinavumilia kushushwa hadi asilimia 80 au zaidi, kwa maelfu ya mizunguko. Kwa matumizi ya kila siku ningechagua hizo.

Kujitenga na gridi kabisa kungekulazimisha kununua paneli na betri za kutosheleza wiki mbaya kuliko zote katika mwaka, kisha wiki nyingine zote sehemu kubwa inakaa bure. Zaidi ya hapo kuna wenzako. Pakistani, watu na viwanda wamefunga sola kwa kasi kubwa miaka ya karibuni kwa kuchoshwa na bei na kukatika kwa umeme, na gharama za gridi zinabaki zikigawanywa kwa wateja wachache zaidi, wengi wao wasio na uwezo wa kununua paneli. Ukibaki kwenye gridi unasaidia kuibeba, nayo inakubeba siku ya mvua ya kutwa nzima.

Paneli inakula mwanga, na joto linaipunguzia nguvu: kila nyuzi moja juu ya 25 inaondoa asilimia 0.3 hadi 0.4. Paneli iliyobanwa moja kwa moja kwenye bati inaweza kufika nyuzi 65, na hapo imeshapoteza kati ya asilimia 12 na 16. Acha nafasi ya hewa kupita chini yake. Kivuli cha tawi kwenye paneli moja kinaweza kuvuta chini msururu mzima. Na kwa karakana yako adui mkubwa ni vumbi la mbao: inveta ina feni, feni inavuta unga wa mbao, unga unashika moto. Ifungwe chumba kingine, mbali na msumeno. Betri za risasi zikifa, zirudishe kwa anayezichakata kwa utaratibu, usimpe mtu wa kuziyeyusha mtaani. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wakiwemo watoto, walidhurika na sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichokuwa jirani nao.

Kuna mambo usiyafanye kwa maelezo ya kusoma. Paneli haina swichi ya kuizima. Mwanga ukiwepo, umeme upo, na paneli 8 zikiungwa kwa msururu zinafika volti mia kadhaa za mkondo mnyoofu, ambao ukichomoa kiunganishi kikiwa na mzigo unatoa cheche isiyokatika. Kazi hiyo ni ya fundi umeme mwenye leseni. Paa likaguliwe na mjenzi: uzito wa paneli 8 unakaribia kilo 200, lakini zaidi ya uzito ni upepo unaozinyanyua kutoka chini. Ukiwa mpangaji, pata ruhusa ya maandishi. Uliza kampuni ya umeme kama inapokea umeme wa ziada na kwa masharti gani. Na baada ya kufungwa, ukisikia harufu ya kuungua, waya ukiwa moto kuugusa, au fremu ya paneli ikikupiga shoti, funga kazi siku hiyohiyo na umwite fundi kabla ya kuwasha tena.

Kabla ya kumlipa awamu ya mwisho, mwite saa 6 mchana. Mwambie azime swichi kuu ya gridi msumeno ukiwa unazunguka, kisha fungulia hewa ya kompresa mpaka ijiwashe yenyewe. Zote mbili zikiendelea bila inveta kujizima, mlipe.